Nyumba ya Arobaini

Mtambo ulilia saa nne kasorobo asubuhi, Fulgence akiwa amelala kitandani na mirija miwili mkononi, damu yake ikizunguka nje ya mwili. Imakulata alikuwa jikoni anachambua maharage. Hakukimbia. Mwaka wa kwanza alikuwa akikimbia, akajikwaa, akamwaga vitu. Siku hizi alijua kwamba ana sekunde tisini, na mtu asiyetetemeka anaweza kufanya mengi ndani ya sekunde tisini.

Kwenye kioo cha mtambo yalikuwa yamejitokeza maandishi mekundu: NESI HAYUPO HEWANI.

"Fuko tena?" Fulgence aliuliza.

"Fuko, au mvua. Usinyanyue mkono."

Tangu hospitali za wilaya zifungwe, mgonjwa wa figo alichujwa damu nyumbani kwake mara tatu kwa wiki, na nesi aliyekaa mjini aliusimamia mtambo kwa njia ya mtandao. Mtandao ukipotea kwa sekunde tisini, mtambo ulisimama wenyewe, kwa kuwa hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuendesha nesi akiwa hayupo. Hapo damu iliyobaki kwenye mirija ilipaswa kurudishwa mwilini kwa mkono kabla haijaganda: mtu alizungusha kishikio kidogo kilichokuwa ubavuni mwa mtambo, taratibu, bila kupumzika, kwa dakika kumi.

Kishikio hicho Imakulata hakuweza kukizungusha huku akitafuta mahali mkongo wa mtandao ulipokatika. Alikuwa mmoja, na kazi zilikuwa mbili. Ndiyo maana hakushangaa mlango uliposukumwa akaingia Sekela, jirani yao, ambaye mtandao ulipokatika kwao ulikatika na kwake, bado amevaa glavu zake nyeusi za kazini zenye nyaya vidoleni.

"Nimefika, dada. Nenda." Sekela alivua glavu, akakaa kwenye kigoda, akashika kishikio. "Shemeji, nitazame mimi. Ukisinzia nitakupiga kofi, na hakuna atakayenikamata."

Fulgence akacheka kidogo. Imakulata akabeba jembe na mkoba wake wa ufundi, akatoka.

Mkongo ule aliujua kama anavyoijua njia ya kisimani. Miaka kumi na tisa nyuma yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba hapo Igongwe akiwashawishi watu waanzishe ushirika wao wa mtandao, wakauita Mzizi. Walichimba mtaro kwa zamu kutoka barabara kuu hadi kilele cha mlima, kilomita kumi na moja za udongo mwekundu na mawe, wakalaza waya wa kioo chini. Nyumba mia na kumi na mbili zilijiunga. Kampuni iliyokuwa ikituma mwanga kutoka mjini ilikubali kuendelea kuutuma mradi nyumba zisipungue arobaini. Zikipungua, ingezima. Watu walihama, wazee walikufa, wengine wakavutwa na Upeo, kampuni ya setilaiti. Asubuhi hiyo nyumba zilizosalia kwenye Mzizi zilikuwa arobaini kamili.

Alipakuta mahali palipokatika nyuma ya shamba la viazi la kanisa. Fuko alikuwa ametafuna ganda la waya mpaka kwenye kioo chenyewe. Imakulata alipiga magoti kwenye tope, akasafisha ncha, akaziunganisha kwa kifaa chake, akasubiri taa ya kijani. Ilichukua dakika hamsini. Alipofika nyumbani, Sekela alikuwa amesharudisha damu yote na anamfuta Fulgence jasho usoni. Muda wa kuchuja ulikuwa umepotea. Miguu ya Fulgence ilikuwa imevimba hivi kwamba soksi zilimwachia mistari.

Nesi aliporejea kwenye kioo hakuzungusha maneno. "Mama Mgaya, hii ni mara ya tatu mwezi huu. Maji yanamjaa mpaka kwenye moyo. Akikosa mara mbili nyingine, sitakudanganya, moyo hautahimili. Tafuta njia nyingine ya mtandao."

*

Njia nyingine ilikuja yenyewe baada ya siku nne, imevaa koti la mvua na viatu safi. Jina lake Ombeni Kyando, wakala wa Upeo. Alikuwa kijana mwenye heshima. Aliamkia kwa "shikamoo" kabla hajavuka kizingiti, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamsalimia mgonjwa kwanza.

"Mama, sikuja kukusumbua," alisema alipokwisha kupewa chai. "Tumesikia habari za mzee. Upeo inataka kuiunganisha nyumba hii kwa Daraja la Kwanza. Hamtalipia, mradi mtoke Mzizi. Mtambo wa mzee hautasimama tena, mvua inyeshe, isinyeshe."

"Mmesikia kwa nani?"

Ombeni akatazama kikombe. "Habari zinafika, mama."

"Na mnajua kwamba mimi ni nyumba ya arobaini."

Hakukana. Imakulata alimpenda kidogo kwa hilo, kisha akajichukia kwa kumpenda.

"Nieleze Daraja la Kwanza linafanyaje kazi," alisema. "Nieleze kama fundi, siyo kama mteja."

Kijana akaweka kikombe chini. Setilaiti zilikuwa nyingi, alisema, lakini mlima wote wa Igongwe ulihudumiwa na kipande kimoja cha anga. Kipande hicho kilikuwa na uwezo wake, hakiongezeki. Nyumba ya Daraja la Kwanza ilipitishwa mbele siku zote. Ikihitaji kidogo ilipewa kidogo, ikihitaji kingi ilipewa kingi papo hapo. Kilichobaki waligawana wa Daraja la Kawaida.

"Na kisipobaki kitu?"

"Hukosi kabisa, mama. Unasuasua tu. Sekunde moja, mbili."

"Mzizi ukizimwa, nyumba zile thelathini na tisa zitaingia Daraja la Kawaida zote kwa pamoja."

"Ndiyo."

"Kwa nini msizipe zote la Kwanza?"

"Haliwezi kuwa la kwanza likiwa la wote," Ombeni alisema polepole, kama mtu aliyewahi kuuliza swali hilohilo akajibiwa hivyo. "Nitaacha karatasi. Usiharakishe."

Alipoondoka, Imakulata aliketi akiitazama ile karatasi. Fulgence alikuwa amesikia kila neno kutoka chumbani.

"Ima," aliita. "Usizime Mzizi kwa ajili yangu. Mtaro ule umekula miaka yako."

"Nyamaza upumzike."

"Sisemi kwa uungwana. Naogopa kufa kama mtu yeyote. Nasema tu uwaulize wenzako kwanza."

Kati ya wenzake wote, aliyemuuliza alikuwa mmoja tu.

*

Sekela alikuwa mzaliwa wa Tukuyu aliyeolewa Igongwe, akafiwa na mume mapema, akabaki. Kazi yake aliifanyia sebuleni. Alivaa miwani na zile glavu, na kila alipokunja vidole, mikono ya mashine iliyokuwa ng'ambo, katika nchi ya baridi, ilikunja vidole vilevile. Kwa mikono hiyo alimlea mzee mmoja aitwaye Osvaldo, mwenye miaka tisini na moja. Alimlisha, akamnyoa, akamwogesha. Alikuwa amemlea miaka sita bila kumgusa hata siku moja, na aliujua mgongo wake kuliko alivyoujua wake mwenyewe.

Imakulata alimkuta kwenye mapumziko, miwani paji la usoni. Alimweleza habari za wakala, moja kwa moja, bila kuficha kwamba Mzizi utazimwa. Sekela alisikiliza hadi mwisho.

"Weka saini," alisema.

"Hufikiri kwanza?"

"Nifikiri nini? Mimi ndiye ninayezungusha kile kishikio, dada. Nimeuona uso wa shemeji ukigeuka majivu. Mtu hamwachi mumewe afe ili majirani wapate mtandao." Akavuta kiti karibu. "Nina swali moja tu, maana wewe ndiye fundi. Kazi yangu haitaki kasi kubwa, ila haitaki kuchelewa. Waya ukikatika kama juzi, hakuna shida: mikono inajifunga palepale ilipo, kengele inalia, mlinzi wa nyumba ile anakuja kumshika mzee. Lakini mtandao ukisuasua, mikono haijui kwamba nimenyamaza. Inaendelea na amri ya mwisho niliyoipa. Sasa niambie. Hilo Daraja la Kawaida litanitosha?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake Imakulata alikuwa nalo. Nyumba thelathini na tisa juu ya masalio ya kipande kimoja cha anga. Hesabu hiyo fundi yeyote angeifanya kichwani akiwa anatembea. Alijua pia kwamba akisema ukweli, Sekela hatamlaumu. Atasema tu, "Basi tutafute namna nyingine," na watatafuta, wataandika barua, wataomba, na wiki zitapita. Fulgence hakuwa na wiki.

"Litatosha," alisema.

Sekela akashusha pumzi. "Basi weka saini leo, usingoje kesho."

Akaweka saini siku hiyohiyo. Jumatatu iliyofuata mafundi wa Upeo walipachika sahani nyeupe juu ya paa na kisanduku cha kijivu ukutani. Jumatano kampuni ya mjini ilizima mwanga wa Mzizi, na mwisho wa wiki gari likaja kuing'oa mitambo ya kituo cha Mzizi. Watu hawakumsema Imakulata vibaya. Walikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja, hali iliyomkera kuliko ambavyo matusi yangemkera.

*

Fulgence alipona kadiri mtu wa namna yake anavyoweza kupona. Mtambo haukusimama tena hata mara moja. Uvimbe ukashuka, rangi ikarudi, akaanza kutembea hadi kanisani, kisha hadi sokoni. Mwezi wa tano alipanda ngazi akabadilisha bati lililokuwa likivuja tangu kabla hajaugua.

Siku moja mwezi huo, saa tano asubuhi, nesi alisema anataka kuutazama moyo. Mtambo ulikuwa na kipimo cha kuwekwa kifuani, na mara Fulgence alipokishikilia, kwenye kioo ukatokea moyo wenyewe, mkubwa, unapiga. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba Imakulata aliona vali zikifunguka na kujifunga. Madaktari wawili waliitwa mjini kuja kutazama pamoja na nesi. Walitazama dakika nne.

"Maji yamekwisha," nesi alisema, akicheka. "Mama, huu ni moyo wa mtu atakayekuzika."

Imakulata alilia. Fulgence alimshika bega, naye akalia.

Katika dakika nne hizo kipande cha anga cha Igongwe chote kilikuwa kimebeba picha ya moyo mmoja. Nyumba mbili kutoka hapo, Sekela alikuwa anamnyanyua Osvaldo kutoka kwenye beseni la kuogea, akilegeza vidole ili abadili mshiko. Alipoona anateleza alifumbata vidole ili amshike. Amri haikufika. Mikono iliendelea na amri iliyotangulia, ile ya kuachia. Amri ya kushika ilifika sekunde mbili na nusu baadaye, mzee akiwa ameshapiga kichwa kwenye ukingo, na mikono ikamfumbata shingo alipokuwa sakafuni.

Alikufa kabla mlinzi hajafika. Sekela aliona yote kwa miwani, na kwa kuwa mtandao ulikuwa unachelewa, aliendelea kumwona akiwa hai kwa sekunde mbili na nusu zaidi ya wengine.

*

Ilikuwa wiki ya sita baada ya msiba ndipo Sekela alipokuja. Alikuwa amepungua. Alikaa kwenye kile kigoda alichozoea, karibu na mtambo. Fulgence alikuwa shambani.

"Kesi imehamishiwa mahakama ya wilaya," alisema. "Wanasema ni uzembe uliosababisha kifo. Upeo wameleta barua kwamba siku ile, saa ile, hapakuwa na hitilafu yoyote Igongwe."

"Hapakuwa na hitilafu," Imakulata alisema kwa sauti ndogo. "Ilifanya kazi kama ilivyotengenezwa."

"Ndivyo mwanasheria anavyosema. Anasema kila kisanduku cha Daraja la Kwanza kinatunza rekodi: saa ngapi kimepitishwa mbele, na kimechukua kiasi gani. Rekodi ya nyumba hii ikionyeshwa mahakamani, hakimu ataona kwamba njia yangu ilichukuliwa. Nitaachiwa." Alikunja mikono mapajani. "Naiomba, dada."

Imakulata alikitazama kile kisanduku. Mkataba aliusoma vizuri tangu mwanzo, kwa kuwa kazi yake ilimfundisha kusoma mikataba. Rekodi ilikuwa siri ya kampuni. Mteja atakayempa mtu mwingine, huduma yake itakatwa siku hiyohiyo. Na Mzizi haupo. Mtaro ulikuwa umeanza kuota nyasi. Upande mmoja kulikuwa na mwanamke asiye na kosa. Upande wa pili kulikuwa na mtu aliyekuwa analima, anaimba vibaya, anavuta jembe kwa nguvu ambayo hakuwa nayo kwa miaka mitatu.

Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaondoka.

"Siwezi," alisema.

Sekela alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuja akiwa analo jibu hilo tayari. Hakulia. Alisimama, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Kuna jambo moja nataka kulijua, halafu sitakuja tena. Siku ile nilipokuuliza kama litatosha. Ulikuwa unajua?"

Imakulata alitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo wala ukweli. Halikuwepo.

"Nilijua."

"Mimi nisingekuzuia," Sekela alisema. "Ningeacha kazi tu. Ningemuaga yule mzee vizuri, wangemtafutia mtu mwingine, ningelima viazi kama wenzangu. Ulichonikosesha ni hicho. Kuchagua." Akatoka, akaufunga mlango bila kuubamiza.

Mahakama ilimtia hatiani mwezi wa saba. Alifungiwa kazi ya mbali maisha yake yote, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Kila asubuhi alionekana akifagia uwanja wa ofisi ya kata, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, na watoto wa shule walifundishwa wasimcheke.

*

Fulgence alijua habari za kesi kama kila mtu alivyozijua. Kuhusu rekodi hakujua. Alidhani mtandao wa ng'ambo ndio uliomponza Sekela, na mara kwa mara aliulaani kwa moyo wote. Viazi vyake vya kwanza vilipokomaa, alichagua vikubwa, akavipangusa udongo kimoja kimoja, akajaza ndoo.

"Mpelekee Sekela," alisema. "Mwambie ni kwa mikono yangu mwenyewe. Mwambie nikimaliza kuvuna nitakwenda kumwona."

"Mpelekee mwenyewe."

"Mimi nina mtambo saa nane. Nenda, mke wangu. Yule mtu alinirudishia damu mwilini."

Imakulata akajitwika ndoo. Alimkuta Sekela nyuma ya nyumba anafua kile kizibao cha rangi ya machungwa. Hawakuamkiana.

"Kavituma Fulgence," Imakulata alisema. "Ni vyake, siyo vyangu."

Sekela alikausha mikono kwenye kanga. "Anajua?"

"Hajui."

"Na usimwambie. Akijua ataung'oa ule mtambo kwa mikono yake, halafu nitakuwa nimemwua wa pili."

Alivimimina viazi kwenye beseni, vyote, akihakikisha hakuna kilichodondoka. Kisha akaitia ndoo maji, akaisugua ndani na nje, akaikung'uta, akampa. Igongwe chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mtu akikosa kabisa atatia japo majani ya maboga, japo mayai mawili, japo konzi ya chumvi. Kibanda cha kuku cha Sekela kilikuwa hatua nne kutoka waliposimama, na bustani yake ya mboga ilikuwa imestawi.

Imakulata alirudi na ndoo mkononi. Hakuweza kuibeba kichwani ikiwa tupu, ingeyumba.

Fulgence alikuwa kizingitini anamsubiri, ameshakunja shati tayari kwa mirija. "Kasemaje?"

"Kasema asante."

Aliipokea ndoo. Akatazama ndani, kwa mazoea tu, kama atazamavyo mtu yeyote wa hapo. Akabaki anatazama. Alipitisha kidole kwenye kitako cha ndoo, kilichong'aa kwa kusuguliwa, kisha akamwinulia mkewe macho.

"Ima. Sekela nimemkosea nini?"

"Wewe hujamkosea kitu," alisema, akampita, akaingia ndani kuandaa mirija, kwa kuwa saa nane ilikuwa imefika na nesi alikuwa hewani tayari, anawaita kwa majina.